Maisha ya Anders Celsius

Mtoto akishikwa na homa, kipimajoto kimoja chaweza kuonyesha nyuzi 40, na kingine, kwa mtoto yule yule, nyuzi 104. Mzazi asiyejua tofauti yake aweza kuogopa bure, au kukawia wakati wa kufanya haraka. Kwa hiyo tunawaletea habari za mtu ambaye kipimo kile cha kwanza kinaitwa kwa jina lake.

Anders Celsius alizaliwa mjini Uppsala, nchi ya Uswidi, tarehe 27 Novemba 1701. Baba yake alifundisha elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha mji huo, na mwaka 1730 Anders naye akapewa kazi hiyo. Mwaka 1736 alikwenda na wataalamu wa Ufaransa hadi kaskazini ya mbali, kwenye baridi kali. Huko walipima ardhi, na vipimo vyao vikathibitisha kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake.

Siku zile vipimajoto vilikuwa na hesabu za namna nyingi. Katika kipimo cha Fahrenheit, maji huganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212. Celsius alitaka kipimo ambacho watu wa nchi yo yote wangepata jibu moja. Baada ya majaribio mengi aliona kwamba theluji inayoyeyuka hukaa kwenye alama ile ile, bali kuchemka kwa maji hufuata uzito wa hewa. Ndiyo maana juu mlimani maji huchemka kwa joto dogo kuliko pwani. Mwaka 1742 akatangaza kipimo chake, chenye sehemu 100 kati ya kuganda na kuchemka.

Lakini yeye aliweka sifuri kwenye kuchemka, na 100 kwenye kuganda! Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 25 Aprili 1744, akiwa na miaka 42 tu. Baada yake wenzake waliigeuza hesabu juu chini, wakaiacha kazi yenyewe isimame. Mwaka 1948 kipimo hicho kilipewa rasmi jina lake.

Sasa tufanye hesabu. Ukiwa na nyuzi za Fahrenheit, toa 32, gawanya kwa 9, kisha zidisha kwa 5. Basi 104 toa 32 ni 72. Gawanya kwa 9 ni 8. Mara 5 ni 40. Kwa kurudi, zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, ongeza 32. Wanasayansi hutumia pia kipimo cha Kelvin: huongeza 273.15 juu ya nyuzi za Celsius.

Mwili wenye afya huwa na joto la karibu 37, yaani 98.6 za Fahrenheit. Basi akina mama na akina baba, tutazame kwanza herufi iliyoandikwa kwenye kipimajoto, C au F, ndipo tusome namba. Na ikiwa ni 40 kwa C, au 104 kwa F, tusingoje kupambazuke. Mtoto apelekwe kwa mganga.