Yusuf bin Hassan na urafiki wa Mreno

Wanafunzi wa hapa Junju wakipelekwa Fort Jesus huonyeshwa mizinga. Mimi ningeanza na Yusuf bin Hassan.

Ukoo wake ndio watawala wa Malindi, waliompokea Vasco da Gama mwaka 1498. Haikuwa mapenzi, walitaka mwenye nguvu wa kuwasaidia dhidi ya Mombasa. Mreno alipoichoma Mombasa mwaka 1505, Waislamu wenzao wakiuawa, urafiki uliendelea vile vile. Leo pia tukijadili mikataba na mataifa makubwa, swali la kwanza ni tutapata nini. Wao walipata: miaka ya 1590 walipewa Mombasa yenyewe waitawale, chini ya kivuli cha ngome.

Babake Yusuf, Sultani Hassan, akakosana na kapteni wa Kireno. Alikimbilia Rabai, si mbali na kwetu, akauawa huko mwaka 1614 kwa njama ya marafiki hao hao. Yusuf, bado mtoto, akapelekwa Goa, akabatizwa Jerónimo, akalelewa na waliomuua babake, kisha akarudishwa kutawala.

Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni akamuua kapteni, akarejea kwenye Uislamu. Waliouawa baadaye ni pamoja na wanawake na watoto. Hapo simtetei, ingawa wazee wangu humsifu.

Meli za Goa zilishindwa kumtoa. Mwaka 1632 akaondoka mwenyewe, akawa haramia baharini, akafa mwaka 1638 pande za Bahari ya Shamu. Wareno wakarudi ngomeni.