Bwana wa Pembe Nne

Nilishuka Mlolongo, mji usemekanao kupewa jina kwa foleni za malori, nikaagiza chai na sambusa. Sambusa ina pembe tatu, imelala bapa sahanini. Nikakumbuka pakiti za maziwa ya Nyayo tulizogawiwa shuleni miaka ya 1980: pembe nne, uitupe utakavyo, itakalia tatu, ya nne ielekee juu.

Umbo hilo ndilo Jacobus van 't Hoff, aliyezaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1852, alilolitambua katika kaboni. Zama zake wanakemia walichora molekuli bapa, kama sambusa yangu. Lakini asidi ya maziwa yaliyochacha na ile ya nyama zilikuwa na atomu zile zile, kwa hesabu ile ile. Hata hivyo ya nyama iliuzungusha mwanga, ya maziwa haikuuzungusha. Mwaka 1874, akiwa na miaka 22 tu, alitoa kijitabu: mikono minne ya kaboni huelekea pembe nne. Basi molekuli zaweza kuwa kama jozi ya makubadhi, ngozi moja, mshono mmoja, ila la kulia haliingii mguu wa kushoto. Akakata vielelezo vya kadibodi, akawapelekea wakubwa wa kemia.

Mwaka 1877 Hermann Kolbe, profesa wa Leipzig, alimdhihaki jaridani. Kisa, kijana alifundisha chuo cha matabibu wa mifugo! Kolbe alifariki 1884. Mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya kemia, ya kwanza kabisa, ikamwendea van 't Hoff, ingawa kwa kazi yake nyingine. Alifariki karibu na Berlin mwaka 1911, kwa kifua kikuu.