Bill Robinson na Ngazi Zake: Maisha ya Msakata Densi wa Hollywood

Katika filamu ya The Little Colonel iliyotolewa mwaka wa 1935, mna tukio la dakika chache ambalo limeishi kuliko filamu yenyewe. Mtoto wa Kizungu mwenye umri wa miaka sita anakataa kupanda ngazi kwenda kulala. Mtumishi wa nyumba, mwanamume mweusi aliyekwisha kula chumvi, anamwonyesha namna ya kupanda kwa densi: anapanda, anashuka, anapanda tena, na kila kidato kinatoa mlio chini ya viatu vyake. Kisha anamshika mtoto mkono na wote wawili wanapanda pamoja. Mtoto huyo alikuwa Shirley Temple. Mtumishi alikuwa Bill Robinson, aliyefahamika kote Marekani kwa lakabu ya Bojangles. Aghalabu tukio hilo hutajwa kuwa la kwanza katika filamu za Hollywood ambapo mtu mweusi na Mzungu walicheza densi wakiwa jozi. Katika baadhi ya majimbo ya Kusini, sehemu ya kushikana mikono ilikatwa kabla ya filamu kuonyeshwa.

Robinson alizaliwa mjini Richmond, katika jimbo la Virginia, tarehe 25 Mei 1878, miaka kumi na mitatu tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Wazazi wake walifariki angali mtoto mdogo, akalelewa na nyanya yake, mwanamke aliyekuwa mtumwa ujanani mwake. Jina alilopewa lilikuwa Luther. Kwa masimulizi yake mwenyewe, hakulipenda, akamshurutisha nduguye mdogo wabadilishane majina. Ndugu naye akaja kujiita Percy. Masimulizi ya wasanii kuhusu utoto wao hayakosi chumvi, lakini hili linaafikiana na tabia ya mtu ambaye maisha yake yote hakupenda kuchaguliwa jina wala pahali pa kusimama.

Shule hakuipata ya kutosha. Alianza kucheza densi kwenye vilabu vya pombe na mitaani mwa Richmond ili atupiwe senti, na kabla ya kufikisha miaka kumi na mitano alikuwa akizunguka na makundi ya maonyesho. Mwaka wa 1900 jijini New York alimshinda hadharani Harry Swinton, mmoja wa wasakata densi waliovuma wakati huo, na tangu hapo jina lake likaanza kutajwa na wenye kumbi.

Tasnia aliyoingia ilikuwa ya vodevili, yaani maonyesho ya mchanganyiko wa nyimbo, densi, vichekesho na mazingaombwe yaliyozunguka kutoka mji hadi mji. Ilikuwa na sheria zake zisizoandikwa kuhusu watu weusi. Msanii mweusi hakuruhusiwa kupanda jukwaani peke yake mbele ya hadhira ya Wazungu; ilimlazimu awe na mwenzake. Isitoshe, ilitarajiwa ajipake masizi ya kizibo kilichochomwa usoni na kujichorea midomo mipana, ili mtu mweusi aigize kejeli ambayo Wazungu walikuwa wameibuni kumhusu. Robinson aliitii kanuni ya kwanza kwa miaka zaidi ya kumi. Kuanzia mwaka wa 1902 alishirikiana na George Cooper, wakawa wawili wanaotafutwa. Kanuni ya pili waliikataa. Walipanda jukwaani na nyuso zao, wakiwa wamevaa nadhifu. Baadaye, chini ya wakala wake Marty Forkins, Robinson aliivunja hata ile ya kwanza na kuwa miongoni mwa watu weusi wachache mno waliosimama pekee kwenye kumbi kuu za vodevili.

Hapana budi kusimama kidogo kwenye sanaa yenyewe, kwani waandishi wengi huipita mbio kuelekea Hollywood. Densi ya kugonga viatu ilikuwapo kabla yake. Ilizaliwa Marekani kutokana na kukutana kwa midundo ya Waafrika waliokuwa watumwa na densi za wahamiaji kutoka Ireland na Uingereza. Wengi waliomtangulia walicheza kwa nyayo nzima, magoti yamekunjwa na mwili umeinama. Robinson aliinyanyua densi hiyo ikasimama kwenye ncha za miguu. Mgongo wake ulinyooka, mikono ikatulia, uso ukazungumza na hadhira kana kwamba hajui miguu inafanya nini. Alivaa viatu vya soli za mbao, na hakupenda vyuma ambavyo wengine walivipachika. Mlio wake ulikuwa mwepesi na safi, kiasi kwamba asiyeona jukwaa angeweza kuufuata mdundo kwa sikio tu, pigo moja baada ya jingine.

Densi ya ngazi, iliyomjengea sifa kuanzia takriban mwaka wa 1918, ilikuwa kilele cha ufundi huo. Aliwekewa ngazi fupi ya vidato vichache, ya kupandia upande mmoja na kushukia upande wa pili, na kila kidato kilikuwa na sauti yake. Ngazi ikawa ala ya muziki. Inasimuliwa kwamba alijaribu kuiandikisha serikalini kama uvumbuzi wake, akakataliwa. Tatizo hili wanafunzi wa fasihi simulizi wanalijua: sanaa inayokaa mwilini mwa fanani haina hatimiliki.

Wahakiki wa magazeti ya Wazungu walimgundua mwaka wa 1928, alipojiunga na onyesho la Blackbirds of 1928 huko Broadway. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, na zaidi ya nusu ya umri huo alikuwa ameupitisha jukwaani. Hollywood ilimfuata muda mfupi baadaye, na hapo ndipo penye utata wa maisha yake.

Mtu aliyekataa masizi usoni alipewa sare ya mtumishi. Katika The Littlest Rebel, pia ya mwaka wa 1935, aliigiza mtumwa mwaminifu wa familia ya Kusini wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, asiyeonekana kuutamani uhuru wake. Mjukuu wa mtumwa alilipwa kuonyesha kwamba utumwa ulikuwa jambo la kupendeza! Mwaka uliofuata, katika Swing Time, Fred Astaire alicheza densi iliyobeba jina la Bojangles ili kumtukuza. Mzungu huyo alijipaka usoni masizi yale yale ambayo Robinson aliyakataa. Ni heshima ya ajabu.

Watu weusi wa kizazi kilichofuata hawakumwonea huruma. Walimwita Tom, kwa maana ya kibaraka, kutokana na mhusika mtumwa wa riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya mwaka wa 1852. Lawama hiyo ina msingi, maana Robinson alizipokea nyusika hizo na ujira wake. Hata hivyo, wanaoirudia mara nyingi hawajaisoma riwaya: Tom wa Stowe anapigwa hadi kufa kwa kukataa kuwasaliti watumwa wenzake waliotoroka. Aidha, Robinson wa nje ya skrini hakuwa mnyonge. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha timu ya besiboli ya watu weusi ya New York Black Yankees, alikuwa mwasisi mmojawapo wa chama cha kuwasaidia waigizaji weusi kilichoundwa mwaka wa 1937, na wakazi wa Harlem walimpa cheo cha heshima cha meya wao. Hakuwa malaika pia. Alicheza kamari kupindukia, alikuwa mwepesi wa hasira, na alizoea kutembea na bastola.

Akiwa na miaka 65 alikuwa mhusika mkuu katika Stormy Weather ya mwaka wa 1943, filamu iliyojengwa kwa mbali juu ya maisha yake. Waigizaji wake karibu wote walikuwa weusi, wakiwemo Lena Horne, Cab Calloway na Fats Waller. Humo ndugu wawili wa Nicholas, Fayard na Harold, wanashuka ngazi kubwa kwa kurukiana na kutua wamepanua miguu. Mtazamaji hushikwa na butwaa, na ni rahisi asahau kwamba ngazi hizo zilikuwa zimekwisha kugeuzwa uwanja wa densi na mzee anayewatazama.

Robinson alifariki New York tarehe 25 Novemba 1949 kwa maradhi ya moyo. Inakadiriwa alichuma zaidi ya dola milioni 2 maishani mwake, lakini kamari na ukarimu havikumwachia kitu. Mazishi yalisimamiwa na rafiki yake, mtangazaji Ed Sullivan. Shule za Harlem zilifungwa, na makumi ya maelfu ya watu wakasimama barabarani kumwaga. Mwaka wa 1989 Bunge la Marekani liliiteua tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa, kuwa siku ya kitaifa ya densi ya kugonga viatu.

Richmond nao ulikuwa na jambo lake la kumkumbuka. Mwaka wa 1933, alipozuru mji huo, aliwaona watoto wakihatarisha maisha kuvuka barabara katika mtaa wa weusi wa Jackson Ward, penye makutano ya barabara za Adams na Leigh. Alitoa fedha zake taa za kuongozea magari zikawekwa. Mwaka wa 1973 sanamu yake ilisimamishwa papo hapo. Sanamu hiyo haikuvishwa sare. Inacheza juu ya ngazi, peke yake.