Papa Simon Kimbangu na Haki Iliyochelewa

Leo tunawakumbusha maisha ya Papa Simon Kimbangu, zaidi sana jinsi alivyohukumiwa. Miujiza yake tunaisimulia mara nyingi, lakini hukumu yake tunaipita haraka, nayo ina fundisho kubwa kwa nyumba zetu.

Papa Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, tarehe 12 Septemba 1887. Mwaka 1915 alibatizwa pamoja na mke wake, Mama Marie Muilu, katika misheni ya Wabatisti ya Ngombe Lutete, akawa mwalimu wa dini. Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe Kinsuka, alimwombea mama mgonjwa aitwaye Nkiantondo, naye akapona. Tangu hapo watu wengi waliacha kazi za Wazungu, wakaenda Nkamba kusikia Neno la Mungu. Wakatupa hirizi zao na kuacha mitala.

Serikali ya Wabelgiji iliogopa. Tarehe 6 Juni 1921 mkubwa wa serikali, Léon Morel, alifika na askari kumkamata, lakini Papa Simon aliponyoka. Alihubiri kwa siri kwa miezi mitatu. Kisha, tarehe 12 Septemba, alirudi Nkamba na kujitoa mwenyewe. Alikubali kusimama mbele ya watu na kujibu kwa ajili ya kazi yake.

Walimpeleka Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, mbele ya mahakama ya kijeshi iliyoongozwa na Komanda de Rossi. Hakupewa avoka wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 aliamriwa kupigwa fimbo 120, kisha kuuawa. Tangu kujitoa kwake hata hukumu zilipita siku 21 tu. Ilikuwa hukumu ya upesi, lakini haki haikuwamo, kwa sababu waliomhukumu walikuwa wamekwisha kukata shauri kabla ya kumsikia. Nikodemo aliwakumbusha Mafarisayo kwamba sheria haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Huko Thysville jambo hilo lilisahauliwa.

Wamisionari wa Kiprotestanti walimwombea huruma, na mfalme Albert wa Kwanza akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Papa Simon akapelekwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mbali sana na mke wake na watoto wao watatu. Wafuasi wake wengi nao walihamishwa na jamaa zao, wengine mpaka Lowa, kando ya mto Lualaba. Alikaa gerezani miaka 30, akafariki tarehe 12 Oktoba 1951 akiwa bado mfungwa.

Kanisa lilitambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959, na mwaka 1960 mwili wake ukarudishwa Nkamba. Hukumu yenyewe ilifutwa na Mahakama Kuu ya Kijeshi ya nchi yetu mwaka 2011. Ilikuwa imepita miaka 90 tangu Thysville, na miaka 60 tangu kifo chake. Tunamshukuru Mungu kwa siku hiyo. Lakini Mama Muilu, aliyefariki mwaka 1959, hakuiona.

Basi, wapendwa, tujiulize. Mwashi aliyemaliza nyumba yako anadai mshahara wake tangu lini? Torati inaamuru kibarua alipwe kabla jua halijatua, maana yeye ni maskini na roho yake inautazamia. Mama aliyekukopesha unga sokoni anawalisha watoto wake na nini wakati wewe unamwambia arudi kesho? Ukimlipa siku ya matanga yake, umemlipa nani?

Na tuogope pia haraka ya Thysville. Hapa Bukavu mzee au mtoto anaitwa mchawi kwa sababu ya ndoto ya jirani, na kabla ya jioni amefukuzwa. Mtu anashutumiwa wizi, na umati unamwua njiani. Mkristo asishike jiwe katika umati huo. Amwite mshutumiwa, amsikilize, na kama kuna neno la kweli, likatwe mapema mbele ya mashahidi.

Sisi mashemasi tunaoshika sadaka hatumo nje ya neno hili. Hesabu isomwe kwa wakati wake mbele ya waamini, wala tusingoje mpaka watu waanze kunung'unika.

Tumefundishwa Upendo, Amri na Kazi. Kumrudishia mtu haki yake angali hai ni upendo, ni amri, tena ni kazi ya wiki hii. Mwenye deni na aende kwa ndugu yake kabla ya ibada ya Jumapili ijayo.

Bwana atusaidie. Amina.