Phillip Omondi: Mtoto wa Naguru aliyeisaidia Uganda kufika fainali ya Afrika

Uwanja wa Lugogo mjini Kampala, unaotumiwa na klabu ya KCCA, umebeba jina la mtu ambaye vijana wengi wanaojaa majukwaani leo hawakuwahi kumwona akigusa mpira. Mtu huyo ni Phillip Omondi, mshambuliaji aliyefariki dunia mwezi Aprili 1999. Kila linapozuka swali la nani alikuwa mchezaji bora kuliko wote waliopata kuvaa jezi ya timu ya taifa ya Uganda, Cranes, mashabiki wa makamo hulitaja jina lake mapema, na mara nyingi mjadala huishia hapo hapo.

Maisha ya Naguru

Omondi alizaliwa mwaka 1957, akakulia katika mtaa wa Naguru, mashariki mwa Kampala. Naguru na jirani yake Nakawa ilikuwa mitaa ya nyumba za wafanyakazi, iliyojengwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa kikoloni. Humo waliishi makarani, polisi, wafanyakazi wa reli na vibarua waliotoka kila upande wa Uganda, na wengine wengi waliotoka magharibi mwa Kenya. Jina lake lenyewe linasimulia mchanganyiko huo: Omondi ni jina ambalo Waluo humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri.

Watu wa makabila hayo yote walipokutana bombani, dukani au kwenye kiwanja cha mpira, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizowaunganisha. Katika jiji lililozungukwa na Waganda na lugha yao, mitaa ya mashariki ilikuwa na ladha yake. Watoto wake walijulikana kwa mambo mawili, ndondi na kandanda, na vipaji vilivyotoka humo viliichezea Uganda kwa miaka mingi.

Timu ya wazoa takataka

Mwaka 1963 wafanyakazi wa idara ya majitaka ya Halmashauri ya Jiji la Kampala walianzisha timu yao ya mpira. Ndiyo iliyokuja kuitwa KCC, na sasa KCCA. Watani wao waliwabandika jina la Kasasiro, yaani takataka kwa Kiganda, kwa sababu halmashauri ndiyo iliyozoa taka za mji. Mashabiki wa KCC hawakulikataa jina hilo. Walilichukua, wakalivaa kama nishani, na mpaka leo hujiita hivyo kwa fahari.

Omondi alijiunga na timu hiyo ya jezi za manjano angali kijana mdogo, katikati ya miaka ya sabini. Ligi ya Uganda wakati huo ilikuwa na vigogo wenye nguvu kubwa nyuma yao. Simba ilikuwa timu ya jeshi, Prisons ilikuwa ya askari magereza, na Express ilikuwa na umati wa wapenzi ambao hakuna klabu nyingine iliyoweza kuufikia. Katikati ya wakubwa hao, KCC ilitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza mwaka 1976, ikaurudia mwaka 1977. Mwaka 1978 ilishinda pia Kombe la Klabu Bingwa la Afrika Mashariki na Kati, ikiwa klabu ya kwanza ya Uganda kufanya hivyo.

Waliomwona akicheza husimulia utulivu wake kuliko mbio zake. Alipokea mpira miguuni akiwa amezungukwa, akasubiri beki atangulie kukosea, kisha akampita kwa chenga fupi. Hakuwa mshambuliaji wa kukaa golini akingoja kuletewa. Alishuka katikati, akaujenga mchezo, akafika mwenyewe kuumalizia.

Furaha katika miaka ya hofu

Miaka hiyo ya mafanikio ilikuwa miaka ya utawala wa Idi Amin, aliyeingia madarakani kwa mapinduzi ya Januari 1971. Waganda wenye asili ya Asia walikuwa wamefukuzwa nchini mwaka 1972, maduka yalikuwa yakizidi kuwa matupu, na watu walitoweka bila jamaa zao kujua walikopelekwa. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Mwaka huo huo serikali iliipiga marufuku klabu ya Express, na mashabiki wake wakabaki bila timu.

Ndani ya hali hiyo, uwanja wa Nakivubo, ulio kando ya soko la Owino, ulikuwa miongoni mwa sehemu chache ambamo maelfu ya watu waliweza kukusanyika na kupiga kelele bila kuulizwa. Hapo ndipo ulipo uzito wa jina la Omondi kwa kizazi hicho. Mtu aliyerudi nyumbani kabla ya giza akiogopa vizuizi vya barabarani alikuwa na jambo moja jema la kuhadithia siku hiyo, nalo ni bao aliloliona jioni.

Timu ya taifa nayo ilikuwa imeiva. Ilitwaa Kombe la Chalenji mwaka 1976 huko Zanzibar, na mwaka 1977 mjini Mogadishu. Ilifuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara tatu mfululizo: Misri mwaka 1974, Ethiopia mwaka 1976 na Ghana mwaka 1978.

Machi 1978

Ghana ndiko Omondi alikofika kilele chake, akiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Uganda, chini ya kocha Peter Okee na nahodha Jimmy Kirunda, ilipangwa katika kundi lililochezea mjini Kumasi. Iliifunga Congo mabao 3-1, ikapoteza kwa Tunisia kwa idadi hiyo hiyo, kisha ikaishangaza Afrika kwa kuilaza Morocco, mabingwa watetezi, mabao 3-0.

Katika nusu fainali Uganda ilikutana na Nigeria ya Segun Odegbami na Christian Chukwu. Cranes ilishinda 2-1, na bao la ushindi lilifungwa na Omondi. Nyumbani, watu waliokuwa wamezizunguka redio walilisikia bao hilo bila kuliona, na wengi wao hawajawahi kuliona mpaka leo.

Fainali ilichezwa Accra mwezi huo huo wa Machi 1978. Ghana, ikiwa mbele ya watu wake, ilishinda 2-0 kwa mabao mawili ya Opoku Afriyie, ikawa nchi ya kwanza kulitwaa kombe hilo mara tatu na kupewa moja kwa moja. Omondi alimaliza mashindano akiwa na mabao matatu, akilingana na Afriyie na Odegbami kileleni mwa orodha ya wafungaji.

Vita, ughaibuni na kurejea

Kikosi hicho hakikupata nafasi ya kujaribu tena kwa utulivu. Mwishoni mwa mwaka huo huo majeshi ya Amin yalivamia Kagera, Tanzania ikajibu, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Wachezaji walitawanyika. Omondi alivuka bahari kwenda Falme za Kiarabu kuichezea klabu ya Sharjah, akiwa miongoni mwa Waganda wa mwanzo kulipwa kwa kipaji chao katika nchi za Ghuba.

Katika miaka ya themanini alirudi KCC. Jiji alilolirudia lilikuwa limechakaa, na vita vya msituni vilikuwa vikiendelea kaskazini ya Kampala. Mpira nao ulikuwa umepata mfalme mpya, SC Villa. Klabu hizo mbili zilipokezana ubingwa: Villa mwaka 1982, KCC 1983, Villa 1984, KCC 1985. Ushindani huo ndio uliorithi umati wa Nakivubo.

Alipotundika njumu aligeukia ukocha katika klabu ile ile, na mwaka 1997 KCC ikatwaa ubingwa wa ligi akiwa kwenye benchi. Miaka miwili baadaye alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu.

Kilichobaki

Baada ya kifo chake uwanja wa Lugogo, usio mbali na mtaa aliokulia, ulipewa jina lake. Kwa miaka kadhaa mkataba wa udhamini uliufanya uitwe StarTimes, lakini mashabiki wengi waliendelea kuuita kwa jina la Omondi, na udhamini uliofuata wa MTN ulilirudisha jina hilo rasmi langoni.

Nyumba za Naguru na Nakawa hazikusalimika. Julai 2011 wakazi waliondolewa na nyumba zikabomolewa ili kupisha mpango wa mji mpya. Majirani waliokaa pamoja kwa vizazi viwili au vitatu wakatawanyika, na viwanja vya vumbi vilivyowalea wachezaji vikatoweka pamoja nao.

Uganda ilikaa miaka 39 bila kurudi katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, hadi mwaka 2017 ilipofuzu kwenda Gabon. Tangu wakati huo vijana wamepata mashujaa wao, na mabao yao yanaonekana kwenye simu wakati wowote. Ya Omondi yanahitaji mtu aliyekuwepo ili yasimuliwe. Watu hao wanapungua kila mwaka, na ndiyo maana, mechi inapomalizika Lugogo, mzee akianza kumweleza mjukuu wake jina lililoandikwa langoni, walio jirani husogea wamsikilize.