Ummu Salamah (Radhwiya Allaahu 'anhaa): Aliomba Kilicho Bora Huku Hakioni



Tukipata habari ya msiba, sote hukimbilia maneno ya kurejea kwa Allaah, kwamba sisi ni Wake na Kwake tutarejea. Ulimi umeyazoea, na mara nyingine tunayasema huku mawazo yako kwenye sanda na nauli ya boti. Mama yetu Ummu Salamah aliyasema akiyakusudia, na hakuficha kuwa moyo wake haukuona jibu litatoka wapi.

Jina lake ni Hind bint Abi Umayyah, wa Banu Makhzum wa Makkah, watu wenye hadhi na mali. Yeye na mumewe Abu Salamah walisilimu mapema, wakahamia Uhabeshi kukimbia mateso ya Maquraysh, kisha wakarudi Makkah. Hali ilipokuwa bado ngumu wakaazimia kwenda Madiynah. Abu Salamah alimpandisha mkewe juu ya ngamia, na mtoto wao Salamah mapajani. Jamaa wa mke wakawazuia njiani: mume aende atakako, binti yao hatoki. Jamaa wa mume walipoona hivyo walikasirika, wakasema basi na mtoto ni wao. Wakamvutana mtoto yule mpaka mkono wake ukateguka, wakaenda naye. Kwa saa moja mume yuko njia ya Madiynah, mtoto kwa watu wengine, na mama amebaki peke yake.

Kwa muda wa karibu mwaka mzima alikuwa akitoka kila asubuhi hadi bondeni, Al-Abtwah, akikaa na kulia mpaka jioni. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwani wapo wanaomwambia mfiwa au aliyetengwa na watoto wake kwamba akilia hana tawakkul. Mwanamke huyu alilia mwaka mzima na imani yake haikutikisika.

Mwishowe jamaa yake mmoja alimwonea huruma akamsemea, akaruhusiwa kuondoka, na mtoto akarudishwa. Hakungoja msafara. Alimchukua mwanawe, akapanda ngamia, akatoka peke yake katika safari ya zaidi ya kilomita 400. Alipofika Tan'iym, pale wanapotoka mahujaji wetu leo kwenda kuvaa ihram ya 'Umrah, alikutana na 'Uthmaan bin Twalhah. Akamwuliza kama hana mtu wa kufuatana naye. Akajibu kuwa hana ila Allaah na mtoto wake huyu. 'Uthmaan wakati ule alikuwa bado hajasilimu, lakini alishika hatamu ya ngamia akamwongoza kwa miguu mpaka Qubaa. Kila walipotua alimlaza ngamia, kisha akajitenga mbali chini ya mti mpaka bibi ashuke. Ummu Salamah alimsifu kwa heshima hiyo maisha yake yote.

Abu Salamah alijeruhiwa katika vita vya Uhud. Jeraha likaonekana limepona, kisha likafumuka, akafariki mwaka wa 4 Hijriyyah. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimfumba macho kwa mkono wake na akamwombea. Ummu Salamah alikuwa amekusudia kumlilia kilio kitakachosimuliwa, kwa kuwa mumewe amekufa ugenini. Mwanamke mmoja alikuja hata kumsaidia kuomboleza, lakini Mtume alimkataza, naye Ummu Salamah akaacha.

Alikuwa amefunzwa du'aa ya msiba: baada ya maneno ya kurejea kwa Allaah, mja aombe alipwe kwa msiba wake na apewe badala iliyo bora zaidi. Akaisema. Kisha akajiuliza, ni Muislamu gani aliye bora kuliko Abu Salamah? Watu wengi huipita sehemu hii haraka, na sisi tunaona ndiyo kiini cha kisa. Alitanguliza ombi kabla ya kupata picha ya jibu.

Eda ilipokwisha, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamposa. Ummu Salamah alimweleza wazi kuwa ana wivu mwingi, umri umekwenda, na ana watoto. Akajibiwa kuwa ataombewa kwa Allaah auondoe wivu huo, kuwa Mtume naye ni mtu mzima, na kuwa watoto wake ni watoto wake pia. Wakaoana katika Shawwaal mwaka huo huo.

Mayatima wale wakalelewa katika nyumba ya Mtume. Mmoja wao, 'Umar bin Abi Salamah, alikuwa mtoto ambaye mkono wake ulizunguka huku na huku ndani ya sinia. Mtume akamfundisha ataje jina la Allaah, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. 'Umar ndiye aliyeisimulia Hadiyth hiyo, na ndiyo wanayofundishwa wanetu chuoni kabla hawajajua kusoma.