Emmy Noether: Mwalimu Aliyefundisha kwa Jina la Mwingine

Msichana wa Soin anayeambiwa kwamba aljebra ni somo la wavulana angefaidika kuyajua maisha ya Emmy Noether.

Alizaliwa mwaka 1882 mjini Erlangen, Ujerumani, binti wa profesa wa hisabati. Mwaka 1900 alifuzu kufundisha Kifaransa na Kiingereza, lakini hakuishika kazi hiyo, aligeukia hisabati. Chuo kikuu cha kwao hakikuwasajili wanawake wakati huo, hivyo alihudhuria mihadhara kwa idhini ya wahadhiri tu. Alipata udaktari mwaka 1907, kisha akafanya kazi hapo kwa miaka saba bila mshahara. Mwaka 1915 David Hilbert na Felix Klein walimwita Göttingen. Baadhi ya maprofesa walimpinga kwa kuwa ni mwanamke, na kwa miaka kadhaa masomo yake yakatangazwa kwa jina la Hilbert. Ruhusa ya kufundisha kwa jina lake aliipata mwaka 1919.

Mwaka 1929 alichapisha makala iliyounganisha nadharia ya makundi na nadharia ya mifumo iitwayo pete. Wakipsigis huhesabu marika yao, Maina, Chumo, Sawe na mengineyo, kwa mzunguko: la mwisho likipita, la kwanza hurejea. Katika kundi la kihisabati lenye ukomo, kila memba akizidishwa kwa nafsi yake mara za kutosha hurejea kwenye moja. Ukiwajumlisha memba hao kwa namba kamili unapata pete. Je, ndani yake vimo vitu vipya vinavyorejea kwenye moja vivyo hivyo? Mwaka 1940 Graham Higman alithibitisha kwamba, iwapo mpangilio wa kuzidisha haubadili jibu, vilivyomo ni memba wenyewe na hasi zao tu. Kwa makundi mengine, Hans Zassenhaus alikisia katika miaka ya 1970 kwamba vyote hulingana na memba hao kwa namna maalumu. Mwaka 2018 Florian Eisele na Leo Margolis walionyesha makundi yanayokanusha dhana hiyo. Wote hao walijenga juu ya msingi ambao Noether alishiriki kuuweka.

Mwaka 1933 utawala wa Kinazi ulimfukuza kazini kwa kuwa Myahudi. Alihamia chuo cha Bryn Mawr, Marekani, akafariki mwaka 1935 baada ya upasuaji, akiwa na umri wa miaka 53.

Walimu wa hisabati hawana budi kulitaja jina lake darasani, wasichana wakiwemo na wavulana wakisikia.